Aliyetua Mzigo Nchi ya Chumvi

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi wa baba yetu, mimi ni binti yake wa kwanza, na mama ameniomba nisome polepole, kwa sababu baba hakupenda mtu anayekimbiza safari.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la nafaka, mtoto wa tatu wa mpima nafaka na mshona magunia, kando ya njia ya kale ya biashara, ambayo misafara iliifuata kutoka nchi ya chumvi, kupitia malisho ya wafugaji, hadi vilima vya wakulima na kivuko cha mtoni. Alianza shule ya msingi Januari 1956, akamaliza sekondari mwaka 1967, akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu Novemba 1969, somo lake likiwa jiografia.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika shule ya sekondari iliyo jirani na soko lile lile, akafundisha hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008. Kwenye ukuta wa nyuma wa darasa alichora njia ile kwa rangi ya mafuta, lakini palipostahili milima aliandika watu, nani anakaa wapi, anauza nini, anaoa wapi, na kwa nini wafugaji hupima umbali kwa maji. Kila likizo alikwenda kuuliza, akarudi, akafuta, akachora upya. Wanafunzi walimwita Bwana Msafara, na mmoja wao, ambaye leo ndiye mkuu wa shule hiyo, husema kengele ya kumaliza kipindi ilikuwa inalia na darasa zima bado liko kisima cha kwanza.

Agosti 1974 alifika nchi ya chumvi, akitaka kujua wapagazi wa zamani walilala wapi, akabisha hodi kwa mkausha chumvi mmoja, akasema kama tusemavyo sokoni kwetu, kwamba anatafuta mahali pa kutua mzigo. Kwetu kutua mzigo ni kupumzika, lakini kule, kijana akiyasema hayo mlangoni kwa watu, anaomba mke. Mzee alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akajibu, "Tua, mwanangu, hapa ni kwako," kisha akaita ndani, "Njooni mwone mtu, kaja kuposa hata mshenga hana!" Baba alipoelezwa alichosema, kalamu ilimponyoka, na mama, binti wa mzee huyo, aliyekuwa ametoka na chumvi mikononi, akamwambia, "Mwalimu, aliyepotea njia si hurudi alikotoka?" Hakurudi hadi likizo ilipokwisha, na tarehe 12 Aprili 1975 walifunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa. Mama hutuambia hadi leo kwamba alimpata mume kwa kosa la tafsiri.

Februari mwaka jana baba alipata kiharusi, kikachukua maneno yake, na yeye aliyejua jina la kila kisima hakuweza kututaja. Kila asubuhi mama alimwambia kwamba yeye ni mkewe, akamtazama usoni, akasubiri, maana alichotaka ni kujua tu kama baba bado anamjua.

Mwezi Agosti, akiwa wodini, baba alianza kusema neno moja, "mzigo." Muuguzi alidhani blanketi linamlemea, akaliondoa, mdogo wangu akauliza, "Mzigo gani, baba, tuulete kutoka nyumbani?" na baba akazidi kulirudia. Mama aliingia na chupa ya chai, akasikia, akaketi kitandani, akamshika mkono, akamjibu kama baba yake alivyojibu, "Tua, mume wangu, hapa ni kwako." Baba alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo ambao bado ulimtii. Tangu hapo kila mara mama alipoingia, aliambiwa neno lile, naye akajibu, hadi asubuhi ya tarehe 3 mwezi huu, baba alipofariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi yule aliyelirudisha blanketi huku akicheka, majirani mlioleta viti kabla hatujaomba, na walimu wenzake, mliopaka shule nzima rangi mpya mkauacha ukuta ule.

Mama anasema nimalizie kwa maneno yake haya. Bwana Msafara, kwa maana ya kwenu sokoni na kwa maana ya kwetu chumvini, tua mzigo. Pumzika kwa amani.