Ukoo wa Kantangaze

Kijiwe cha Unyambwa kina benchi moja tu, ubao wa bodi la lori uliopigiliwa juu ya magogo, mbele ya jiko la kahawa la Ashrafu. Tangu mvua zikatike, Bonifasi alikuwa anakaa ncha ya huku na Mselemu ncha ya kule, hawasalimiani. Mashamba yao ya nyanya yamepakana, na yote mawili yalikuwa yameliwa na kantangaze, yule kiwavi anayetoboa jani na tunda mpaka nyanya inabaki ganda. Bonifasi alishahukumu: mdudu kaletwa na Mselemu, kwenye matenga anayorudi nayo kutoka soko la Manyoni. Kwa hiyo jioni ile, Jesca, afisa ugani, alipoteremka kwenye bodaboda, Bonifasi alikaa vizuri. Vipepeo wa mdudu huyo waliokamatwa kwa mitego walipelekwa maabara, na majibu yalikuwa yamerudi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Bonifasi. Tupe majibu, tena kwa sauti, wenye matenga wasikie.

— Walipima vinasaba, yaani ile asili anayorithi mtoto kwa wazazi. Wadudu wa kwako, wa mzee Mselemu, wa kule Mungaa na wa Manyoni, wote wamefanana.

Bonifasi akapiga paja.

— Si nilisema! Wametoka Manyoni hao!

— Subiri, mzee. Wamefanana pia na wa Mbeya, na wa Kenya huko. Kwao hasa ni Amerika Kusini. Inaonekana waliovuka kuja Afrika walikuwa wachache, wakazaana. Hawa wote ni ukoo mmoja.

Melkizedeki, wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akadakia.

— Mimi nawaambia, walikuja na mitumba. Ndani ya mfuko wa koti!

— Kantangaze anakula koti? aliuliza Ashrafu huku akimimina.

— Njaa ya safari, bwana! Halafu ukoo mzima hauwezi kukosa mwenyekiti. Mkamateni huyo, wengine watafunga mizigo wenyewe.

— Redio, toa betri, alisema Mselemu.

Benchi likacheka. Bonifasi alibana midomo. Hakutaka kuchekeshwa na mtu yule.

— Lakini vipimo si huonyesha mtoto ni wa nani? aling'ang'ania. Hawa wa kwangu wametoka kwa nani?

— Wanafanana mno, mzee. Kipimo hiki hakiwezi kusema nani katoka shamba la nani.

Hapo alikuwepo Martha, fundi cherehani aliyehamia mtaani juzijuzi, kasimama na chupa ya chai akingoja kahawa ya wageni wake.

— Samahanini, wazee, mimi mgeni. Kwani shamba la nani lilianza kuliwa?

Bonifasi aliikumbuka asubuhi alipoona majani yake kama yameungua. Alikwenda mbio mpakani kuchungulia kwa mwenzake, akakuta hali ni ileile. Nani alianza? Hakujua. Alimtazama Mselemu, naye akatikisa kichwa. Hasira aliyokaa nayo msimu mzima, sasa hakujua aielekeze wapi.

— Ninalojua mimi, alisema Jesca, akisafisha mmoja peke yake, vipepeo wa jirani wanarudi. Mng'oe miche iliyoharibika siku moja, pande zote mbili, mchome.

Bonifasi alisugua magoti. Akakohoa.

— Mselemu. Wewe unang'oa lini?

Mselemu aliweka kikombe chini.

— Kesho alfajiri. Ila peke yangu sitamaliza.

— Nitakuja na jembe. Tukitoka kwako, twende kwangu.

— Mama watoto atapika uji.

Ashrafu alishajaza chupa ya Martha. Aliinamisha birika, likatoa kikombe kimoja, tena kwa kulikung'uta. Akampa Bonifasi. Bonifasi alikunywa nusu, akajisogeza katikati ya benchi, akampa Mselemu kilichobaki.