Tadeo Bura na Pikipiki ya Mdogo Wake

Alhamisi tarehe 16 Aprili 2009, mchana, hapa nyumbani Masieda, waliokuwepo kando ya kitanda cha marehemu ni mke wake Genoveva, mtoto wake wa kwanza Gidion, mke wa Gidion, Letisia, akiwa na mtoto mgongoni, Bwana Hatibu wa duka la spea Dongobesh, na binti mmoja ambaye hakuwa amewahi kukanyaga hapa, Violeth, mtoto wa mdogo wa Baba, marehemu Wolfgang Bura. Tunawataja hawa kwanza kwa sababu siku hiyo Baba yetu alimaliza kazi aliyoianza mwaka 1993, ya kumtunzia mdogo wake pikipiki mpaka aje mwenyewe au mtoto wake, na wengi wenu mliokutana naye njiani mliona jinsi alivyochoka, ila hamkujua kama angeifikisha.

Marehemu Tadeo Bura alizaliwa tarehe 15 Juni 1951 hapa Masieda, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Bura Hermani na Mama Marieta, na Wolfgang alimfuata miaka sita baadaye, akabebwa sana mgongoni mwa kaka yake huku mama yao akilima. Alianza darasa la kwanza mwaka 1961, akamaliza la saba mwaka 1967, kisha akabaki nyumbani akichunga ng'ombe na kulima mahindi na maharage.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika stoo ya karakana ya shamba moja kubwa la ngano wilayani Hanang, na huko ndiko alikozoea kufuta kila kifaa kabla ya kukirudisha mahali pake. Tarehe 24 Mei 1980 alifunga ndoa takatifu na Genoveva, binti wa Masakta, wakajaliwa watoto watatu, Gidion, Scolastica na Verediana. Kazi ya shambani ilikoma mwaka 1992, wafanyakazi wengi walipopunguzwa, akarudi hapa na mke, watoto, godoro na baiskeli yake, bila kumnung'unikia mtu.

Mdogo wake Wolfgang wakati huo alikuwa akinunua vitunguu swaumu vijijini na kuvipeleka Arusha, kwa kuwa biashara ilikuwa imeachiwa huru na kila mwenye nguvu alijaribu, akapata pikipiki iliyotumika, ya kwanza katika ukoo wetu. Msimu mmoja vitunguu vikamwozea, akaamua kwenda Mererani kutafuta madini, na jioni ya tarehe 7 Novemba 1993 akamwambia kaka yake, "Kaka, nitunzie, usimpe mtu hata boliti moja." Marehemu akamjibu kwamba pikipiki ikisimama nzima itaazimwa, na ndugu akija kuazima hutaweza kumnyima, basi wakaifungua wenyewe kipande kwa kipande pale uani, wakicheka, na asubuhi Wolfgang akaondoka kwa miguu.

Marehemu aliyapeleka magurudumu darini, juu ya mafiga, mahali wazazi wetu wanapoweka mahindi ya mbegu ili moshi uzuie wadudu, na matairi akayapaka mafuta ya kondoo kama baba yake alivyopaka ngozi zisikauke. Alifanya hivyo kwa upendo kila mwezi, lakini kiangazi cha mwaka 1995 alipoyateremsha kuyatazama, mpira ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Mama Gidion anasema siku hiyo hakula. Alilibeba tairi moja mpaka Dongobesh, na Bwana Hatibu akacheka hadi akajifuta machozi, akamwambia, "Mzee Tadeo, hii si ngozi wala si mbegu," kisha akamwekea kiti, akamletea chai, akamweleza pole pole kwamba mpira hautaki mafuta, moshi wala jua, kwamba gurudumu lining'inizwe lisilalie upande mmoja, tyubu ipakwe poda isigandamane, beringi zijazwe grisi na kufungwa kwenye nailoni. Alimpa na kopo la poda, akakataa kulipwa. Marehemu alibadilisha beberu wake mkubwa kwa matairi mengine, akajenga chumba kidogo cha udongo nyuma ya nyumba, kisichopitisha mwanga, na tangu hapo hakukosea tena.

Majirani walimtania, nasi tunajua walimpenda. Mzee Musa, aliyeko hapa mbele yetu, alikuwa akipita anauliza, "Tadeo, hizo gurudumu zitazaa lini?" naye humjibu, "Zikizaa nitakuletea ndama," na Mzee Musa huyo huyo ndiye aliyekuja na nyasi mvua ilipobomoa paa la kile chumba, akaezeka siku nzima bila kuombwa.

Mwaka 2001 mtu kutoka Mererani alileta habari kwamba Wolfgang alikuwa ameugua, amefariki na kuzikwa huko, na kwamba ameacha mtoto wa kike, Violeth, ambaye mama yake amehama naye. Baada ya msiba wazee walikaa wakasema kwamba sasa pikipiki ni ya Tadeo, aitumie au aiuze, na yeye akasimama akawaambia kwa adabu, "Amekufa Wolfgang, mtoto wake hajafa." Tangu hapo kila alipopata mtu anayepeleka ng'ombe mnadani Katesh, au dereva wa lori, au mgeni yeyote wa Mererani, alimpa jina la mtoto amtafute, na mkoa wetu mpya wa Manyara ulipoanza akafurahi kidogo, akisema kwamba Mbulu na Mererani sasa ni nyumba moja, huenda mtoto akapatikana kwa urahisi. Hakupatikana.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuwa ukame wa mwaka 2006, mahindi yalipokauka yakiwa mafupi, na vijana wenye pikipiki walikuwa wameanza kuja mpaka mlangoni kuulizia spea. Mama Gidion alimwambia mbele ya watoto, "Baba Gidion, tuna chuma chumba kizima, unga hatuna." Kesho yake alitoka na baiskeli yake, ile aliyorudi nayo kutoka shambani, akarudi kwa miguu na gunia mabegani, na tangu siku hiyo alitembea kila mahali mpaka magoti yakamvimba. Mama Gidion hakulisema tena neno lile, bali alianza kufagia kile chumba yeye mwenyewe, na alimtafuta paka akamlaza humo ili panya wasitafune kiti cha pikipiki.

Letisia aliolewa hapa mwaka 2007, na alipojifungua, marehemu alikwenda kule chumbani akaleta kopo jipya la poda aliloliweka kwa ajili ya zile tyubu, akaliweka mlangoni pa mzazi, akasema, "Huyu kwanza, mpira utasubiri."

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Agosti 2008, miguu ikajaa maji, akalazwa mara mbili, na tarehe 2 Aprili mwaka huu madaktari walituruhusu kurudi naye nyumbani. Alichouliza kila asubuhi ni kama kuna mgeni. Bwana Hatibu, ambaye kwa miaka mingi aliliacha jina la Violeth katika kila duka alilonunulia mali Arusha, alipata simu kutoka duka mojawapo wiki ya Pasaka, akamfuata binti huyo kwa nauli yake mwenyewe, akamfikisha hapa Alhamisi. Violeth alipiga magoti akasema, "Shikamoo, baba mkubwa, mimi ni wa Wolfgang." Marehemu aliitikia marahaba, akamtazama sana, akamwomba Gidion alete gurudumu la mbele, na lilipoletwa akamwambia binti, "Zungusha." Alilizungusha, likaenda likaenda bila kutoa sauti, na waliokuwepo wakalitazama mpaka liliposimama lenyewe. Marehemu akasema, "Ni la kwako, hakuna kilichopungua." Alifariki saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumkaripia hata alipokuwa anakataa kulala, tunawashukuru majirani wa Masieda kwa kuni, maji, maziwa na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotoka Nangwa na Katesh na mvua hii, na Bwana Hatibu na nyumba yake, ambao kwetu ni ndugu. Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, na Violeth.

Baba, ulikuwa umechoka, na ulichokuwa unakisubiri kimefika, pumzika sasa, Mungu akupe amani yake.

Jana Gidion, Hatibu na Violeth waliiunga ile pikipiki pale uani. Leo asubuhi gari la parokia lilikwama njiani, na Violeth akapanda nyuma ya Gidion wakaenda kumchukua padre, ndipo ibada hii ikaanza. Pikipiki iko pale nje ya ua, magurudumu yake yana tope.