Mama Rosaura na Choo cha Juu ya Chemchemi

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Nilitaka kuwasimulia maisha ya Mama Rosaura Chiguano kwa utulivu. Nimeshindwa. Nina kinyaa, mtanisamehe.

Mama Rosaura wa Shuyuloma alifariki Jumatano iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa mliojiunga nasi sasa hivi: Mama Rosaura, mpangaji wa kambi za kujitolea, hatunaye tena.

Huku kwetu milimani nani hamjui? Kwa miaka thelathini, kila aliyetaka kuleta vijana wa kujitolea, wachimbe mfereji au wajenge darasa, alipanda kwanza kwake kujifunza. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Alianza kama mpishi wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, anakoroga uji wa shayiri wa watu mia, mtoto mgongoni. Kambi ya kwanza aliyoisimamia mwenyewe iliharibika: watu sitini, koleo nne! "Tulibaki tunatazamana kama kuku walionyeshewa," alikuwa akisema, na kucheka mpaka kofia inamdondoka.

Binti yake, Blanca, ananiambia: "Mama hakuulizi unataka kujenga nini. Anakuuliza, hao watu wako watakunya wapi? Wageni wanaona haya, yeye wala hana habari!"

Basi mwezi wa sita akaja Injinia Fabricio kutoka mjini. Ana vijana arobaini, wiki mbili, wajenge ukumbi. Akaketi jikoni kwa Mama, akala viazi, akauliza, akaandika. Mama akamtoa nje, akamwonyesha kwa kidole.

"Mwanangu, choo kiwe kule chini, ng'ambo ya korongo. Ni mbali, ndiyo. Watatembea, hakuna aliyekufa kwa kutembea. Hapa juu usichimbe. Chemchemi yetu iko chini yake."

Akaandika. Tena akapiga mstari chini yake, Blanca alimwona.

Kisha akachimba juu. Narudia: akachimba juu. Kule chini kuna mwamba, ungemlia siku mbili, na ratiba yake ilikuwa imembana. Mama alipofika, choo kilikuwa kimeshaezekwa.

"Injinia, tulikubaliana nini?"

"Tulia, Mama. Ni mita arobaini toka kwenye maji. Vitabu vinaruhusu."

"Hivyo vitabu vyako vinakunywa maji hapa?"

Vijana wakacheka. Mambo yakaishia hapo.

Siku ya sita, watoto wa nyumba tatu wakaanza kuhara. Mama mwenyewe tumbo lilikuwa linamsokota, akalificha. Akachemsha gunia zima la bitiruti, akabeba maji yake mekundu ndoo kwa ndoo, akayamwaga mle chooni. Asubuhi yake akaita kijiji kizima kwenye bomba la chemchemi, akafungua. Maji yakatoka ya waridi.

Mmeelewa, wasikilizaji wapendwa? Siku sita, kaya arobaini zinapikia mavi. Nayataja kwa jina lake, mwenye kuudhika na azime redio. Wifi yake, Mama Targelia, alitapika palepale. "Nilikuwa nimetoka kumpa mjukuu uji," aliniambia. "Loo! Mpaka leo nikiiona ile sufuria, roho inakataa."

Na Injinia? Alitazama saa yake. "Hiyo ni rangi tu. Wachemshe maji. Zimebaki siku nane."

Mfyuu! Siku nane. Mtu mzima, kasoma, ana watoto wake nyumbani, na hilo ndilo lililomtoka mdomoni. Wanakijiji walishika koleo, na wale vijana wa kambi, nawapa heshima yao, wakashika pamoja nao. Kabla ya chakula cha mchana shimo lilikuwa limefukiwa.

Watoto walipona. Mama Rosaura hakupona. Aliugua siku tisa. Blanca anasema: "Anatapika, akipata nafuu kidogo anauliza, watoto wa jirani wanaendeleaje? Habari za tumbo lake hakuziuliza hata mara moja."

Tulimzika Ijumaa. Injinia akaja, na shada la maua kubwa kama nusu ya jeneza. Akaomba kusema neno. "Mama huyu alikuwa mwalimu wangu," akasema. "Yote ninayoyajua kuhusu kambi, nimeyapata kwake." Nilikuwepo. Nilitamani kuziba masikio.

Blanca hakupiga kelele. Alikwenda bombani, akajaza kikombe, akamletea kwa mikono miwili, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote msibani.

"Karibu, Injinia. Umepanda mlima, una kiu."

Akakishika. Akatazama ndani. Akatutazama sisi, na sisi tukamtazama. Kisha akainama, akakiweka kwenye nyasi kikiwa kimejaa vilevile, akaenda zake kwenye gari.

Kwa Blanca, kwa Mama Targelia, kwa Shuyuloma nzima: poleni sana. Mungu amlaze pema mama yetu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii walikosea, aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Nawe unayepanga kambi mwaka huu, nenda kwa wazoefu, uliza, wapo na hawana uchoyo. Lakini kabla hujabisha hodi, ukae ujiulize: unakwenda kujifunza, au unakwenda ili uje useme ulikwenda?