Sahani Iliyorudi Tupu

Nje ya duka la kushonea la Bi Kuruthum, mtaa wa Sufala, mjini Ibra, nchi ya Waarabu, pana benchi la saruji linalopata kivuli baada ya Alasiri. Mashine ya baridi iliyo juu yake inadondosha maji upande wa kushoto, kwa hivyo upande huo ni wa anayechelewa. Tunakaa pale kila Jumamosi kungojea nguo zetu, na nguo zenyewe mara nyingi zimekwisha tangu Alkhamisi. Bi Kuruthum, mwenye duka na mwenye dalla, birika la kahawa, tunamwita Idhaa, maana habari ikifika kwake saa nne, saa sita imeshafika mji wa pili, Mudhaibi. Ghaniya ni Siku Kumi, kwa sababu alikaa London siku kumi mumewe alipotibiwa jicho, na tangu hapo hakuna jambo la Uingereza asilolijua. Mahfoudha ni Wakili. Sheria hakusoma, lakini aliwahi kumshinda shemeji yake kwa zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba. Mimi wananiita Mudira, yaani mwalimu mkuu, na mimi si mudira, ni karani wa skuli mwenye watoto watano.

Jumamosi ile, mwezi wa Novemba, nilikuwa na karatasi mkobani. Binti yangu mkubwa, Israa, anasoma mwaka wa kwanza wa uhandisi huko Hull, kaskazini mwa Uingereza, na alikuwa anataka kuacha masomo arudi nyumbani. Karatasi ilitaka saini ya mzazi, na ilitakiwa ofisi ya masomo kesho yake asubuhi, maana kwetu Jumapili ni siku ya kazi. Akishaacha, nafasi ya kusomeshwa hairudi tena. Baba yake yuko jangwani kwenye kazi ya mafuta, nilipompigia alisema, "Tazama wewe." Basi nikawa natazama.

Idhaa: Tia saini, mwanangu, mtoto arudi. Mtoto wa kike hakai pahala pa mabomba mawili.

Mimi: Mabomba hayajamfukuza mtu.

Idhaa: Si umesema mwenyewe? Moja linatoa maji ya kuunguza, la pili maji ya barafu, katikati hamna kitu. Mtu atatawadhaje?

Mimi: Anachanganya kwenye bakuli.

Wakili: Watu wametengeneza ndege, wameshindwa kuyakutanisha maji mawili?

Siku Kumi: Hawakushindwa. Hoteli yetu ilikuwa hivyo hivyo, nikauliza. Maji ya moto yana tangi lake darini, na darini mna panya. Ndiyo hawayachanganyi.

Wakili: Wanajua mna panya na wanayaoga?

Siku Kumi: Wanayaoga, hawayanywi.

Idhaa: Ndiyo wakasema wazee, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Wakili: Hapo umepata, Bi Kuruthum, ijapokuwa sijui umepata nini.

Israa hunitumia sauti kwenye simu mara sita saba kwa siku. Nazisikiliza nikipika, nikipiga pasi, nikingojea watoto nje ya skuli. Kwa miezi mitatu nimejifunza Uingereza yote kwa njia hiyo, na yote ni mashitaka. Benchi nalo limejifunza kupitia kwangu.

Mimi: Juzi treni imechelewa saa nzima. Wametangaza, wakaomba radhi. Wanasema majani yameanguka kwenye reli.

Wakili: Majani gani? Makuti?

Mimi: Majani tu. Ya miti.

Wakili: Treni ya chuma imezuiwa na jani.

Siku Kumi: Ni kweli hiyo. Yakilowa yanateleza.

Idhaa: Haraka haraka haina baraka.

Wakili: Sasa hapo haraka iko wapi?

Idhaa: Haipo. Ndiyo nikasema.

Mimi: Na ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Wakili: Aliyekanyagwa?

Mimi: Aliyekanyagwa.

Wakili: Huyo mbele ya kadhi amekwisha. Amekiri.

Mimi: Na kila mtu anakuuliza kama u mzima, kisha anapita. Hangoji jibu. Wiki ya kwanza Israa alimfuata mmoja ngazi mbili nzima, ili amalize kusema alhamdulillahi, baba hajambo, mama hajambo, na yeye amuulize za kwake.

Siku Kumi: Huyo mtu akafanya nini?

Mimi: Akaomba radhi.

Wakati huo alifika msichana mmoja kuchukua nguo, akatoa salamu, akampa Idhaa shikamoo. Vifungo vilikuwa havijatiwa, akaambiwa akae, akakaa upande wa maji. Kabla hajafuta matone kwenye abaya yake, Idhaa alikuwa keshajua kwamba anaitwa Aya, kwao ni mtaa wa Aija, mji wa Sur, kakake anaoa Ibra Ijumaa ijayo, bibi yake mzaa mama alizaliwa Unguja, na yeye anafanya kazi mapokezi kule Ras al Jinz, watu wanakokwenda kuangalia kasa wakitaga. Kiswahili chake kilikuwa kile cha vijana wetu, kinakwenda kwa kuchechemea lakini kinafika. Akapewa finjani, mazungumzo yakaendelea.

Siku Kumi: Lakini mtu haachi uhandisi kwa sababu ya treni. Ni yule Bi Pipa.

Bi Pipa ni jirani yake Israa, mlango kwa mlango, ukuta mmoja. Jina tulimpa hapo hapo kwenye benchi.

Aya: Pipa kwa nini?

Mimi: Huko taka zina mapipa matatu. La kijani, la buluu, la kahawia, kila moja na siku yake. Israa alitoa la buluu siku ya kijani, akakuta kikaratasi mlangoni. Kimeandikwa, "Habari, ni jambo dogo tu, la buluu ni wiki ijayo." Na chini kimechorwa uso unacheka.

Wakili: Uso unacheka. Hapo ndipo matusi yalipo.

Mimi: Vikaratasi vinne tangu Septemba. Mlango hajagonga hata mara moja.

Siku Kumi: Kusema kunawachosha. Mimi siku kumi zile, waliosema nami ni daktari na dereva wa teksi, na dereva alikuwa Msomali.

Idhaa: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Wakili: Huyu kapewa pipa, na hakungojewa hiyo ya tatu.

Hapo nikawaambia la sahani, ambalo nilikuwa nimelificha kwa wiki nzima, maana nilijua watalifanya kubwa.

Israa alipika maandazi. Kanipigia simu mara nne: hamira kiasi gani, iliki nzima au ya kusaga, mbona yamekuwa mawe. Aliyoyapika mara ya tatu ndiyo yaliyofaa. Akajaza sahani, akaifunika kitambaa, akampelekea jirani. Kagonga, hakufunguliwa, akaiacha kizingitini. Kesho yake asubuhi sahani ilikuwa mlangoni kwake. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa. Tupu. Na kikaratasi cha asante.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa unatia sukari, unatia ndimu tatu, mama yangu aliwahi kutia chumvi. Ukiirudisha tupu umesema neno, na neno lenyewe ni usirudi tena.

Idhaa: Tupu kabisa?

Mimi: Tupu. Israa kalia kwenye simu. Alipovunjika mkono hakulia, kwa sahani kalia. Usiku ule ule akanitumia karatasi hii.

Wakili: Basi kesi imekwisha. Hiyo hukumu imeandikwa.

Siku Kumi: Ngojeni. Pengine amemsitiri. Kule huwezi kumpa mtu chakula bila ruhusa ya baladiya, watu wa manispaa. Na yeye angetia kitu kwenye sahani, ingekuwa biashara. Wangeshitakiwa wote wawili.

Wakili: Kwa maandazi?

Siku Kumi: Kwa jani wanasimamisha treni.

Idhaa: Mimi naona ameogopa kijicho. Ameiosha kwa yale maji ya moto ya panya, ili kisibaki kitu cha mtoto. Husuda ina mambo.

Wakili: Ameiosha asiache alama za vidole. Watu wa namna hiyo ni wa serikali. Kila mtaa umewekewa mmoja wa kuchunga mapipa, na ana daftari.

Siku Kumi: Hilo naliamini. Mbele ya hoteli yetu alikuwepo mmoja na mbwa.

Wakili: Mudira, nikuulize. Israa amewahi kumwona huyo mwanamke uso?

Mimi: Amemwona mgongo. Na koti la mvua.

Wakili: Koti. Basi mnalolijua ni koti. Mimi naweka mashaka kama mna mtu mle ndani. Mitambo ya kupokea pesa imeshaingia madukani kwao, ukiweka ndizi vibaya inakukaripia mbele ya watu, Israa mwenyewe kasema. Ya kuandika vikaratasi watashindwa?

Idhaa: Audhubillahi. Na maandazi yamekwenda wapi?

Wakili: Hilo ndilo swali.

Siku Kumi: Tia saini, shoga. Utamwacha mtoto anaishi ukuta mmoja na mtambo?

Nilikuwa nimechoka. Nilitoa karatasi, nikailaza juu ya mkoba, nikafungua kalamu. Sikuwa naamini habari ya mtambo. Nilikuwa naamini kwamba mtoto wangu analia, na kwamba mimi siko huko kumfungulia mtu yeyote mlango.

Aya: Mama, samahani. Huyu jirani jina yake nani?

Mimi: Bi Pipa.

Aya: Hiyo nyinyi mmempa. Jina yake.

Nikamtazama Idhaa. Idhaa akamtazama Siku Kumi, kwa kuwa ndiye mwenye Uingereza. Siku Kumi akamtazama Wakili. Wakili akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Siku Kumi: Kule majina hayaulizwi.

Aya: Mimi nauliza kila siku, kazini. Mtu akija kuona kasa, kwanza naandika jina. Waingereza hawakasiriki. Wanasimama, wananitajia herufi moja moja. Wengine wananiambia na jina ya mbwa.

Wakili: Hao ni wa likizo. Mtu wa likizo si mtu wa nyumbani kwake.

Aya: Mimi sijui. Nimeuliza tu.

Kutoka ndani fundi alisema vifungo tayari. Aya hakuinuka.

Saa kumi na nusu kwetu ni saa sita na nusu mchana kwao. Nikampigia Israa. Idhaa akanionyesha kwa kidole nitie spika, nikatia, nikaiweka simu benchini baina ya tende na dalla.

Mimi: Israa, jirani yako anaitwa nani?

Israa: Nani? Bi Pipa?

Mimi: Jina lake.

Israa: Sijui, mama. Kwa nini?

Mimi: Miezi mitatu ukuta mmoja.

Israa: Na yeye hajaniuliza langu.

Mimi: Hilo liko juu yake. Mimi nakuuliza wewe. Ulipopeleka maandazi, ulimwachia jina lako?

Israa: Niliacha sahani.

Mimi: Sahani inasema imetoka kwa nani?

Nikasikia anavuta pumzi kwa pua, kama anavyofanya tangu mdogo akitaka kubisha.

Israa: Mama, umetia saini?

Mimi: Bado. Kalamu iko mkononi. Nenda kamgongee, umwambie jina lako, umuulize lake. Ukilijua, na bado unataka kurudi, nitatia saini usiku huu, na kesho saa moja niko mlangoni pa ofisi. Sitakuuliza tena. Lakini mtu hahami mji kwa kumkimbia mtu asiyemjua jina.

Israa: Sasa hivi?

Mimi: Leo ni Jumamosi, mchana. Utamngojea nini?

Israa: Sijavaa.

Mimi: Vaa.

Tulisikia kabati, zipu, funguo. Siku Kumi alitaka kusema kitu, Idhaa akamgonga gotini. Mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia kwenye simu mpaka sauti ikakwaruza. Hatua chache tu. Kugonga.

Hakuna kitu.

Wakili: Nimekwambieni.

Idhaa: Nyamaza, mwanamke.

Israa akagonga mara ya pili, kwa nguvu, kama tunavyogonga kwetu. Kitasa kikazunguka. Tukasikia sauti ya mwanamke, mtu mzima, kidogo imekauka. Israa akataja jina lake kwa Kiingereza, polepole, akasema yeye ndiye wa maandazi, kisha akauliza.

Mwanamke akaanza kusema. Alisema kwa kirefu, hakupumua, na katikati Israa akaingiza neno, na mwanamke akalipokea akaendelea.

Nikaikata simu.

Idhaa: Umekata?

Mimi: Nimekata.

Idhaa: Ndiyo kwanza anaanza. Hata jina hatukulisikia.

Mimi: La nini kwako, Bi Kuruthum? Jirani ni wa Israa.