Mbweha wa Nyuma ya Nyumba

Benchi la mbele ya duka, kijijini Ittoqqortoormiit kwenye pwani ya barafu, lilikuwa na watu watatu na chupa moja ya kahawa. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga ghubani na ingeondoka jioni, na mmoja wao, mwindaji Manasse, alikuwa hajampa jibu Ragnhild, yule mama wa Kinorwe mwenye kamera, aliyemwomba ampeleke akawaone nyangumi wenye pembe. Pa kuwaonea alipajua: kighuba alichoonyeshwa na marehemu baba yake, ambacho hata wenzake hawa hawakukijua. Meli zikikigundua, nyangumi watahama. Roho ilimuuma.

— Usithubutu, shemeji! alisema Tobias, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Kwa picha moja tu, mahali pote panajulikana.

— Acha uzushi, alimkata kauli Pipaluk, ambaye hushika bunduki kuwalinda watalii na dubu. Yule mama namvulia kofia. Juzi kalala kifudifudi kwenye barafu kwa muda wa saa nne, anamngoja sili. Kabofya mara moja! Nyie wawindaji mngeshapiga chafya mara kumi.

— Mara moja yatosha! Picha inaruka na setilaiti, inatua Nuuk, mezani kwa waziri anayetupangia idadi ya kuwinda.

— Halafu?

— Halafu wanaivuta karibu, wanamwona nyangumi mpaka tumboni. Wanahesabu na watoto ambao hawajazaliwa!

— Redio, leo wamekutia betri gani?

Manasse alicheka.

Hapo Ragnhild akaja, akawasalimu, akaketi pembeni. Pipaluk akammiminia kahawa. Mama yule akawasha kamera yake, akawaonyesha mbweha. Umande ulionekana kwenye kila sharubu. Manasse, aliyewafukuza mbweha maisha yake yote, alimwona huyu ni mzuri ajabu.

— Hapa ni wapi? aliuliza Ragnhild.

Wakainama wote. Milima ya kwao waliijua mmoja mmoja kwa mgongo wake, ila pichani hapakuwa na mlima wala jiwe. Nyuma ya mbweha ni ukungu mtupu.

— Kap Hope, alisema Redio, akitaja kijiji cha jirani kilichohamwa.

— Wapi! alisema Pipaluk, lakini naye hakujua.

Manasse akatikisa kichwa.

— Ni leo asubuhi, alisema Ragnhild akimgeukia Redio. Nyuma ya nyumba yako, bwana, chini ya kichanja chako cha nyama.

Redio akanyamaza.

Manasse akamwaga masalio ya kahawa yake, akasimama.

— Viatu vyako vinayaweza mawe, mama? Kwa nyangumi tunakwenda kwa miguu.