Picha Alizozifunga Bi Mwanaidi kwenye Khanga

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi, mlioko Mtwara mjini, Msimbati na hadi Kitaya. Leo tunamkumbuka Bi Mwanaidi Shafii, mkunga, aliyezikwa Ijumaa. Bi Mwanaidi Shafii, aliyewapima wajawazito kwa ultrasaundi miaka kumi na tisa. Nitayasema mema yake, na wivu wake nitausema, maana mwenyewe aliniomba.

Wanawake walimwamini. Mtu anatoka Kitaya na tumbo lake, anakuta mpimaji mwingine yupo, anasema namsubiri Bi Mwanaidi. Naye sifa hizo alizipenda, tena sana.

Kisha akaja Erasto, mtaalamu wa kompyuta. Alitaka kuifundisha kompyuta kuzitambua picha za mtoto tumboni. Bi Mwanaidi akapewa kazi ya kuandika chini ya kila picha: hiki kichwa, hili paja, hili kondo la nyuma. Kompyuta ikajifunza kutokana na maandishi yake. Picha elfu sita, wasikilizaji. Elfu sita.

Mwaka haukuisha, kina mama wakaanza kuuliza mashine imesemaje. Wivu ukamkaba. Nyumbani akamwambia binti yake, Nuru: "Wameniletea mke mwenza, tena nimemfundisha kupika mimi mwenyewe."

Ndipo akafanya jambo. Picha za kondo lililoshuka na kuziba njia ya mtoto, zile ngumu zilizompa jina, hakuzitoa. Alizitia kwenye flashi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Akamwambia Erasto picha zimekwisha.

Msimu wa korosho akaenda shambani. Huku nyuma, Farida wa Kitaya akapimwa na yule mpimaji mwingine. Mashine ikaiweka picha yake kwenye kundi la salama, naye mpimaji akaiamini. Wiki tano baadaye Farida aliletwa akivuja damu, akapasuliwa. Yeye na mtoto walipona, lakini kwa shida.

Bi Mwanaidi aliomba kuiona ile picha ya kwanza. Aliitazama mara moja tu, akaijua: kondo lilikuwa limeshuka, kama kwenye zile alizozificha. Nuru anasema siku hiyo mama yake hakula. Asubuhi akaenda Kitaya kumwomba Farida radhi, kisha akamfuata Erasto na kufungua pindo mbele yake.

"Nilikudanganya," akasema. "Ifundishe na hizi, mwanangu."

Wakati huo figo zilikuwa zimeshamchosha. Aliziandika picha zote mia tatu na kumi, akamaliza siku nane kabla ya kufariki. Na Jumanne hii, huko Kitaya ilikopelekwa sasa, mashine imemtahadharisha mpimaji: kondo limeshuka. Mama huyo sasa yuko hospitali mjini, anasubiri kujifungua akiwa chini ya uangalizi.

Nilimuuliza Nuru kama amefurahi. Akanijibu:

"Nimefurahi, ila naionea wivu ile mashine. Mimi mama kaniachia khanga, yenyewe kaiachia macho."

Nuru, wewe na ndugu zako wote, poleni sana. Mungu amrehemu mama yenu.

Nasi tuliobaki, kila mmoja akague pindo lake. Naanza na langu. Hapa studio tuna mtangazaji mpya, Martha. Mnamsifu, nawasikia, na roho inaniuma. Mwaka mzima nimemficha daftari langu lenye simu za watu wa vijijini wanaonipa habari.

Martha, daftari liko mezani kwako.