Musallam bin Hud na Mechi Tatu Zilizobakia

Simu ililia nyumbani kwa Bi Ghaniya binti Hud, Nizwa, asubuhi ya Jumatano tarehe 10 Machi 1999, mwezi wa Mfunguo Pili, naye alikuwa akichambua mchele wa chakula cha mchana. Aliyepiga alikuwa Ibtihal, binti wa kaka yake, kutoka Ibra.

"Shangazi, Baba ametutoka. Baada ya alfajiri tu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Subira, mwanangu. Subira."

"Lakini Shangazi, hakusema."

"Hakusema nini?"

"Shahada. Tulimlakinia mimi na Zakariya mpaka sauti zikatukauka. Mimi nasema La ilaha illa Llah, yeye ananijibu mambo ya Chicago."

Bi Ghaniya aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Aliuacha mchele kwenye sinia, akaingia garini kwa mwanawe Hamoud na kanga zake za jikoni. Njia nzima alisoma Yasin, na kila akifika katikati alipotea, akaanza upya. Mtu wa sala tano, aliyelelewa nyumba moja naye, vipi akaondoka duniani na jina la mji wa Marekani ulimini?

Yeye ndiye aliyeandika wasifu huu, ili Hamoud ausome katika azaa, kikao cha kutoa pole, siku ya tatu, na uchapishwe kwa jamaa wa Unguja na Dar es Salaam ambao hawakuwahi kufika. Mkiona tumechanganya mambo, tusameheni. Tulikuwa tumechanganyikiwa, na bado.

Marehemu Musallam bin Hud bin Khattab alizaliwa Kikwajuni, Unguja, mwaka 1940, mtoto wa kwanza wa Mzee Hud bin Khattab, aliyekuwa na duka la vitambaa. Alihitimu Kurani chuoni akiwa na miaka kumi, kisha akasoma skuli ya serikali hadi darasa la kumi. Alikuwa na akili ya kuhifadhi. Sura akiisikia mara mbili ilikuwa yake. Hesabu hakuipenda, ila namba zilimganda kichwani hata asipozitaka. Mama yao alikuwa akimtuma sokoni bila ya kumwandikia kitu, naye alirudi na kila kilichotajwa, pamoja na bei za jana na za leo.

Mwaka 1961 aliajiriwa katika kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani, Tunguu, akawa msaidizi wa fundi wa jenereta. Huko ndiko alikokutana na Marzouq, kijana wa Malindi, na wakawa hawaachani. Juu yao alikuwepo fundi Mmarekani, mtu wa Chicago, waliyemwita Bwana Wilbur. Kila Jumatatu Bwana Wilbur aliletewa na wenzake wa teleprinta, mashine ya kupokea maandishi kutoka mbali, matokeo ya mechi za mpira wa kwao, akayabandika kwenye mlango wa chumba cha jenereta. Vijana wale wawili hawakuwahi kuuona mchezo wenyewe, wala picha yake. Lakini msimu wa mwaka 1963 ulipoanza, kila mmoja alichukua timu. Marzouq, kwa kuwa alipenda ushindi usio na jasho, alichukua mabingwa, Green Bay. Musallam akaachiwa Chicago ili kumridhisha Bwana Wilbur.

Mechi ya kwanza zilikutana timu hizohizo. Chicago kumi, Green Bay tatu. Tokea siku ile Marzouq hakupumua. Akienda kuchota maji, anaitwa, "We tatu!" Akichelewa kazini, anaambiwa, "Mwacheni, bado anatafuta pointi saba." Mwezi wa Novemba timu zikakutana tena, Marzouq akaja na nadhiri kubwa, na mlango wa jenereta ukasema Chicago ishirini na sita, Green Bay saba. Msimu mzima Chicago walifungwa mara moja tu, na wakamaliza mabingwa siku mbili kabla ya mwaka kwisha.

Januari ya mwaka 1964 ilimkuta kaka yetu kazini Tunguu. Mzee Hud hakuonekana tena baada ya wiki ile ya Mapinduzi. Marehemu hakupenda kuizungumza, na sisi hatukumlazimisha. Kituo kilifungwa mwaka uleule. Alikwenda Mombasa, halafu Dubai, na mwaka 1972 akaingia Oman, nchi ya babu zake ambayo hakuwahi kuiona. Alipata kazi katika mitambo ya umeme Ibra, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 1995. Jirani aliyeharibikiwa na pampu ya shamba alijua mlango wa kubisha.

Mwaka 1975 alikuwa sokoni Ibra, ameinamia kapu la tende, akasikia nyuma yake mtu, hata salamu hakutoa, anasema: "Chicago kumi!"

Kaka yetu hakugeuka. Alijibu hivyo hivyo ameinama: "Green Bay tatu, na haya huna."

Alikuwa Marzouq, aliyekuwa ameshahamia Sur. Kila mmoja alikuwa akidhani mwenzake kafa. Walikumbatiana wakalia mbele ya wauza tende, na muuzaji, Mwarabu wa pale, akawauliza kama kuna mtu amekufa. Marzouq akamwambia, "La, wawili wamefufuka."

Kuanzia hapo hiyo ndiyo ikawa salamu yao, kwa simu na ana kwa ana. Mmoja hutaja timu, mwengine humalizia. Marehemu alimuoa Bi Jumana binti Ishak mwaka 1976, na Bi Jumana alihesabu kwamba ameolewa na mtu mwenye lugha mbili, moja ya nyumbani na moja ya majini. "Hicho kitu gani, Musallam?" alimuuliza. "Mpira." "Mpira gani?" "Wa Marekani. Hauchezwi kwa mguu." Bi Jumana akaona ni afadhali asiulize.

Mwaka 1997 mwanawe Zakariya alifunga dishi juu ya paa, na siku moja akaupata mchezo huo kwenye televisheni. Alimwita baba yake mbio. Marehemu aliacha chai, akaketi, akatazama wanaume waliovaa makofia ya chuma wakiangushana na kusimama, wakiangushana na kusimama.

"Wanafanya nini hawa?" aliuliza.

"Baba, si ndio mpira wako huu?"

"Mbona hawendi? Na zile kumi wanazipataje?"

"Mimi nijue wapi, Baba? Wewe ndiye mwenyewe."

Alitazama tena kidogo, akasema, "Zima. Matokeo yangu mimi, mchezo wao." Akarudi kwenye chai yake. Tulicheka siku ile. Hakuna aliyemuuliza kwa nini basi ameyahifadhi miaka yote.

Mwezi wa Septemba 1998 alipata kiharusi. Mkono wa kulia na mguu vilipooza, na maneno yakawa hayamjii kwa mpango. Alimwita Zakariya kwa jina la Ibtihal, na maji akayaita mafuta. Madaktari walimshughulikia vizuri, Mungu awalipe, kisha wakamruhusu arudi nyumbani. Sala hakuiacha. Alisali ameegemezwa kwenye mito, na Fatiha ilitoka bila kukwama. Ila alipohisi maumivu, au usingizi ulipomkataa, alianza yale mambo yake: Chicago kumi, Green Bay tatu, Chicago ishirini na nane, Minnesota saba. Bi Jumana alileta watu wa kumsomea. Mmoja alisema ni hasadi. Mwengine alisema ni homa. Mtoto wa jirani alisema ni namba za simu.

Alfajiri ya mwisho aliianza orodha yake mwanzo na hakusikiliza mtu. Watoto walimlakinia, naye akaendelea mpaka pumzi ikakatika. Hapo ndipo tulipokuwa Bi Ghaniya alipofika Ibra: maiti amelazwa sebuleni ameshakoshwa na kuvishwa sanda, uso umeachwa wazi kwa ajili ya kuagwa, mke wake kwenye kona, na Ibtihal anarudia neno moja kwa kila anayeingia. "Hakusema. Hakusema."

Mzee Marzouq aliingia kutoka Sur saa tano na nusu. Wanawake tulijivuta upande wa mlango wa jikoni tukajitanda. Alisimama kizingitini, fimbo mkononi, akasalimia.

"Bi Ghaniya upo?"

"Nipo, Marzouq. Yamefika."

"Yamefika. Nani alikuwa naye?"

"Watoto. Na hawana raha, maana..." Bi Ghaniya alishindwa kumaliza. Ibtihal akamalizia yeye. Alimwambia Ami Marzouq kila kitu, kwamba baba yao ametoka duniani na mpira kinywani, na kwamba tokea asubuhi hajui amwombee vipi.

Mzee Marzouq aliketi chini palepale.

"Tulijifungia kwenye chumba cha jenereta," alisema. "Januari ile. Mimi na yeye, giza, na nje watu wanapita na mapanga. Meno yalikuwa yakinigonga, nikashindwa hata Kulhuwallahu. Musallam akanishika sikio akaninong'oneza, 'Chicago kumi.' Nikamjibu. Akaja na ya pili, nikamjibu. Tukenda msimu mzima. Tulipofika fainali akasema, 'Haya sasa, shahada,' tukatoa shahada, tukangoja mlango uvunjwe. Haukuvunjwa. Tukaanza tena mwanzo. Sijui mara ngapi. Kila msimu ukisha, shahada. Mwanangu, baba yako hakuwa akicheza. Alikuwa njiani anakwenda huko."

Imamu wa msikiti wa mtaa, aliyekuja kusimamia shughuli, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alifika wapi?" Mzee Marzouq aliuliza.

"Vipi, Ami?"

"Neno la mwisho. Alitaja nini?"

"Kumi na saba kwa kumi na saba," alisema Ibtihal. "Mara mbili."

"Aliirudia tu," Zakariya akasema. "Ulimi ulikuwa mzito."

"Si kurudia. Zilikuwa sare mbili, moja wiki hii na moja wiki ya pili. Zote kumi na saba kwa kumi na saba." Mzee Marzouq alihesabu kwa vidole, na tukamwona anabadilika uso. "Zilibaki tatu. Lahaula. Tatu tu."

Ibtihal aliposikia hivyo alilia upya, kwa sababu sasa alijua baba yake alikuwa akielekea wapi na kwamba hakufika. Bi Ghaniya naye hakujua kama amefarijiwa au ameongezewa. Alimuuliza Imamu, "Sheikh, inahesabiwa vipi hiyo?"

Imamu alisema, "Bi Ghaniya, mimi sijui. Nia anaijua aliyeiumba. Mdhanieni Mola wenu mema."

Mzee Marzouq alijikokota kwa magoti mpaka kichwani kwa maiti. Aliweka kiganja kwenye kipaji cha uso, akainama sikioni. Alisema polepole, lakini tulisikia.

"Chicago ishirini na saba, San Francisco saba."

"Mzee Marzouq," alisema mmoja wa wakoshaji, "hapa pana maiti!"

"Mwache," alisema Imamu.

"Chicago ishirini na nne, Detroit kumi na nne." Alipangusa macho kwa mkono wa kanzu. "Chicago kumi na nne, New York kumi. Mabingwa, maluuni we, mabingwa. Haya sasa." Akatoa shahada, yote, mara moja, na Ibtihal akaitoa pamoja naye, kisha Bi Jumana, kisha sote.

Tunajua kwamba ulimi wa mtu haumsemei mwengine. Tumesomeshwa hivyo na tunaamini hivyo. Hatuandiki hapa kwamba jambo lile lilikuwa sahihi, wala hatusemi lilikuwa kosa. Tunaandika kwamba lilifanyika, na kwamba baada yake Ibtihal hakulirudia tena lile neno lake. Anayejua zaidi atueleze.

Marehemu ameacha mke, Bi Jumana binti Ishak. Watoto wawili, Ibtihal na Zakariya. Dada, Ghaniya binti Hud wa Nizwa. Mpwa wake Hamoud. Na rafiki yake Marzouq wa Sur, ambaye familia inamhesabu ndugu. Mwenyezi Mungu amsamehe marehemu, amkunjulie kaburi lake, na amkutanishe na Mzee Hud mahali pasipo na hofu.

Walimfunika uso kabla ya adhuhuri. Bi Jumana alimbusu kwanza, halafu watoto, na Bi Ghaniya mwisho. Wanaume waliliinua jeneza, Zakariya na Hamoud mbele, na Mzee Marzouq akashika pembe ya nyuma, akakataa kupokewa. Wanawake tulisimama mlangoni mpaka walipokata kona ya msikiti. Alisaliwa baada ya adhuhuri, akazikwa makaburi ya Ibra. Hamoud alipoulizwa alisema udongo ulikuwa mkavu, wa changarawe, na kwamba Zakariya ndiye aliyetia wa kwanza. Watu waliomba dua, wakanawa mikono, wakarudi.